Kuhifadhi maua ya kukatwa yabaki kumbukumbu nyumbani: uzi kwa sisi tunaoishi kwenye unyevu

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wanajukwaa, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila msimu wa harusi, na hata baada ya misiba, ndugu na majirani huniuliza namna ya kulihifadhi shada la maua lisiishie jaani. Maelezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa nchi ambazo hewa ya ndani ya nyumba ni kavu kwa muda mrefu wa mwaka. Ushauri wao si wa uongo, lakini ukiufuata kama ulivyo katikati ya masika, uwe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, yatakupata yaliyonipata mimi.

Niliolewa mwezi wa Aprili. Shada langu lilikuwa la mawaridi mekundu na meupe, na siku ya tatu baada ya harusi nililining'iniza kichwa chini karibu na dirisha la jikoni, likiwa bado limefungwa utepe wake kama lilivyotoka ukumbini. Nilipolishusha baada ya siku tisa, katikati mlikuwa na ukungu wa kijivu, vikonyo vimeoza pale vilipobanana, na mawaridi meupe yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nililitupa lote. Miaka sita baadaye tulimzika baba, mwezi wa Agosti, nami nikachukua mawaridi matano kutoka kwenye shada lililokuwa juu ya jeneza. Matano hayo yapo mpaka leo sebuleni kwa mama, ndani ya fremu yenye kina, na wekundu wake umekolea kidogo tu kuliko ulivyokuwa siku ile.

Tofauti ya mara hizo mbili ndiyo iliyonifundisha ninalotaka kulisema hapa. Kukausha ua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo kwetu Pwani ndiyo nzito, ni kuyazuia maji yasilirudie. Ua lililokauka hunywa unyevu wa hewa kama biskuti iliyosahauliwa mezani, na ukungu huanza kupata nafasi unyevu wa hewa unapokuwa juu ya asilimia 65 au 70, kiwango ambacho miji yetu ya Pwani hukipita siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kulikausha ua lake vizuri kabisa, akaliweka kwenye chombo cha udongo juu ya kabati, na miezi minne baadaye akalikuta limelegea na lina madoadoa, akadhani alikosea mwanzoni.

Nianze na muda, kwa kuwa ndipo wengi tunapopotezea. Petali iliyokatwa huendelea kuishi, na kadiri inavyokaa na maji yake ndivyo vimeng'enya vilivyomo ndani vinavyoendelea kuigeuza kahawia, vile vile kama inavyokuwa kwa bilinganya lililokatwa na kuachwa kwenye sinia. Ua linalokauka haraka hubaki na rangi, na linalokauka polepole huungua kwa ndani. Ukishajua kwamba ua fulani utalihifadhi, lianzie siku hiyo hiyo au kesho yake, likiwa bado na nguvu. Msingoje lianze kuinamisha shingo ndipo mlionee huruma.

Jambo la pili ni mwanga. Rangi nyekundu, ya waridi na ya zambarau katika maua hutokana na kemikali zinazoitwa anthosiani, na mwanga wa jua huzivunja. Rangi hizo hizo hukolea maji yanapotoka, ndiyo maana waridi jekundu sana hukauka likawa karibu jeusi, ilhali lile la wekundu wa kati hutulia kwenye wekundu mzuri. Njano na chungwa huvumilia ukaushaji vizuri zaidi. Nyeupe huishia rangi ya malai hata ukifanya kila kitu sawasawa, na ni heri kumwambia bibi harusi mapema kuliko kumwahidi theluji. Makavazi ya Metropolitan kule New York yana kola ya maua na majani iliyotumika katika mazishi ya Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, na imedumu zaidi ya miaka 3,000 kwa sababu ya mambo mawili tu, giza na ukavu. Ukiwa na hayo mawili una karibu kila kitu.

Sasa njia zenyewe. Ya kuning'iniza ni rahisi na haina gharama, na inafaa kwa mawaridi, kwa yale maua madogo meupe ya kujazia shada yaitwayo jipsofila, na kwa statisi, ambayo hubaki na rangi yake kana kwamba haikukatwa. Fungua shada lote. Ondoa majani, gawanya vikonyo vitatu vitatu au vinne vinne, vifunge kwa mpira wa pesa kwa kuwa vitasinyaa na uzi ungelegea, kisha vining'inize kwenye chumba chenye giza na hewa inayopita, mbali na jikoni na bafu. Kwa wiki mbili au tatu yatakuwa yamekauka, kama ni kipindi cha kiangazi. Wakati wa masika, hapa Dar es Salaam, siipendekezi njia hii hata kidogo, isipokuwa kwa mwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana.

Njia ya pili ni ya mchanga, na ndiyo niliyoitumia kwa mawaridi ya baba. Mchanga uwe laini, wa mtoni, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe, kisha ukaangwe kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa na uachwe upoe. Anayechota mchanga wa ufukweni lazima auoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara nyingi sana, kwa sababu chumvi ya bahari huvuta unyevu, nawe utakuwa unalizika ua ndani ya kitu kinacholilowesha. Weka mchanga sentimita tatu chini ya boksi, simamisha ua, halafu mimina mchanga polepole kutoka pembeni, ukiuingiza kati ya petali kwa kijiko ili umbo lisibonyee. Boksi liache wazi. Nasisitiza hapo: mchanga haunywi maji, kazi yake ni kulishikilia umbo wakati maji yakitoka kupitia juu, na ukilifunika umeyafungia ndani. Wiki tatu zinatosha kwa waridi.

Ya tatu ni silika jeli, zile punje zinazowekwa katika vipakiti ndani ya maboksi ya viatu na chupa za dawa. Hii ndiyo mfalme wa Pwani. Huweza kunywa maji yanayofikia karibu theluthi ya uzito wake, hivyo inakausha waridi kwa siku tano hadi saba na rangi ikabaki kuliko njia nyingine yoyote ya nyumbani. Hapa kanuni ni kinyume cha mchanga: kopo lazima lifungwe kabisa, la sivyo silika itakunywea hewa ya Kigamboni yote na kuliacha ua lako. Silika iliyoshiba hutumika tena ikikaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu. Punje zenye rangi ya buluu zinazogeuka za waridi zina kobalti ndani yake, ambayo ni sumu, kwa hiyo chagua za chungwa au zisizo na rangi, vaa barakoa unapozimimina, na vyombo vyake visirudi jikoni.

Nitaendelea na kukandamiza, uhifadhi na fremu, lakini kwanza niwasikilize wenzangu.

Mchangiaji (Tanga)

Ahsante sana mwanangu kwa uzi huu. Mimi ni mama, binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na mvua hapa zinanyesha kila siku. Shada lake litakuwa na mawaridi ya rangi ya pichi, jipsofila na yungiyungi mbili nyeupe. Anataka alihifadhi lote lilivyo, likae kwenye kioo. Je, inawezekana kulikausha zima bila kulifungua? Na hiyo silika nitahitaji kiasi gani, maana nimeambiwa bei yake si ndogo?

Mchangiaji (Naivasha)

Nafanya kazi kwenye ukumbi wa kupanga mawaridi kwa madaraja ya ubora hapa Naivasha, kwa hiyo naomba kuongeza yale ninayoyaona kabla ua halijafika mikononi mwenu.

Ule ukungu wa kijivu aliousema mleta uzi tunaufahamu vizuri sana huku. Ni kuvu inayoitwa botrytis, na ndiyo adui mkubwa wa waridi baada ya kuvunwa. Mara nyingi huwa imeshatua kwenye petali tangu shambani ikiwa haionekani, au ikionekana kama vidoa vidogo kama chembe za pilipili manga, na huamka petali inapokaa na tone la maji juu yake kwa saa kadhaa. Waridi likitolewa kwenye chumba baridi likapelekwa penye joto, hutokwa na jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo ndilo linaloiamsha. Kwa hiyo mnaponunua maua yaliyotoka kwenye friji ya muuza maua, yaacheni kwanza kwenye hewa mpaka petali ziwe kavu kabisa kwa nje, na zile petali mbili tatu za nje zenye vidoa zitoeni bila huruma. Waridi lina petali za kutosha.

Pili, mawaridi huvunwa yakiwa tumba, kwa kuwa yanatakiwa yavumilie safari ya ndege na mnada wa Uholanzi. Likikaushwa likiwa tumba litabaki tumba. Kama unataka kumbukumbu ya ua lililochanua, liweke kwenye maji safi siku moja au mbili, likifikia umbo unalolipenda ndipo ulikaushe, ila usiliache lifike mwisho wa kuchanua, kwa sababu hapo petali huwa zimeshalegea kwenye kitako na zitadondoka zote zikiwa ndani ya mchanga.

Kwa mama wa Tanga, hizo yungiyungi zitawasumbua. Petali zake ni nene na zimejaa maji.

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Shikamoo mama, na hongera kwa binti. Nashukuru pia ndugu wa Naivasha, hilo la jasho la friji sikuwa nalijua, na sasa naona ndilo lililoharibu shada langu, kwa kuwa liliwekwa kwenye jokofu la ukumbi usiku mzima.

Mama, kulikausha shada zima bila kulifungua haiwezekani kwa hali ya hewa ya Tanga mwezi huu, na naomba usijaribu. Katikati ya shada, vikonyo vinapobanana, hewa haipiti, na hapo ndipo uozo huanzia. Wanaolihifadhi shada zima kwa kweli hutumia mashine inayoligandisha na kuyatoa maji ya barafu moja kwa moja yawe mvuke ndani ya ombwe, kazi inayochukua kama wiki mbili. Friza ya nyumbani haifanyi hivyo. Ukilitia ua kwenye friza ya nyumbani, barafu hupasua chembe za petali, na likitoka huwa kama mchicha uliochemshwa.

Linalowezekana ni hili: kabla hamjalifungua, lipigeni picha pande zote nne na kwa juu. Kisha mlifungue, mkaushe ua moja moja, na mlipange upya kwa kufuata picha. Si lazima yarudi yote. Kwa kioo cha ukubwa wa kawaida, mawaridi saba mazuri na matawi machache ya jipsofila yanatosha kumfanya binti alione shada lake. Jipsofila haihitaji silika, ining'inizwe tu chumbani penye feni. Mawaridi yakate vikonyo mbakishe sentimita tatu, kwa kuwa kikonyo kirefu kinakula nafasi na silika bure, na baadaye mtaweza kukirefusha kwa waya mwembamba. Kwa namna hiyo kilo mbili za silika zitawatosha kwa mawaridi matatu au manne kwa awamu, na awamu ya pili mtaifanya kwa silika ile ile baada ya kuikausha. Mawaridi yanayongoja awamu ya pili yakae kwenye maji, chumba chenye ubaridi.

Yungiyungi ningezikandamiza petali moja moja badala ya kuzikausha zikiwa nzima, na hilo linanileta kwenye kukandamiza.

Watu hudhani kukandamiza ni kulitia ua katikati ya kitabu kizito na kulisahau. Kwa ua jembamba na hewa kavu, hutokea likakubali. Lakini waliofanya kazi hii kwa makini kuliko wote ni wataalamu wa mimea, na hatuhitaji kwenda mbali kuwaona. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyopo Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilianzia Amani kwenye milima ya Usambara mwaka 1902 na ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na huko mimea iliyokandamizwa kwenye karatasi hutunzwa kwa miaka na miaka. Siri ya kazi yao haiko kwenye uzito peke yake, iko kwenye kubadilisha karatasi. Ua hutoa maji yake mengi katika siku ya kwanza na ya pili, na karatasi ikishayanywa haina kazi tena, bali inalilowesha ua. Kwa hiyo tumia magazeti ya zamani kwa nje na karatasi nyeupe isiyong'aa iguse ua, weka ubao na mawe au ndoo ya maji juu, badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, kisha kila baada ya siku mbili mpaka wiki mbili au tatu zitimie. Karatasi inayogusa ua usiibandue siku ya kwanza, petali zitang'oka nayo.

Kitu kimoja zaidi nimejifunza kwao, na ninakifanya kwa kila ua ninaloletewa: lebo. Andika kwa penseli jina la ua, tarehe, mahali na siku yenyewe ilikuwa ya nini, uiweke pamoja na ua tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka ishirini mawaridi yote makavu hufanana.

Kwa anayetaka kuanza mazoezi kabla ya kugusa ua la thamani, achume bougenvilia ukutani kwa jirani kwa ruhusa. Tunachokiita petali kwake ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati, na kwa kuwa majani hayo ni kama karatasi tangu yakiwa mabichi, hukandamizika kwa siku chache na rangi hukaa.

Mchangiaji (Pemba)

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa utulivu na nimefurahi, ila naona mnaizungumza kazi hii kana kwamba imeletwa na meli juzi. Sisi huku tumezaliwa tunakausha maua. Karafuu ni nini? Ni tumba la ua lililochumwa kabla ya kufunguka, likatenganishwa na makonyo, likaanikwa juani juu ya majamvi. Kila mtoto wa shamba anajua kwamba karafuu mbichi zikilazwa kwa lundo usiku zikiwa na maji, hupata joto na kuchacha, zikitoka huwa zimepauka na kunywea, na bei yake imekwenda. Wingu likitanda, watu wanakimbia kukunja majamvi. Kilo tatu mbichi zinatoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo mwenye mizani ya jikoni anaweza kulipima ua lake badala ya kukisia: likipimwa siku tatu mfululizo na uzito usishuke tena, maji yake yamekwisha.

Na kipimo cha karafuu kavu ni kuivunja. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikijikunja, irudishe jamvini. Kwenye waridi vunjeni kikonyo karibu kabisa na kitako cha ua, maana petali hutangulia kukauka na kitako hubaki na maji ndani, nacho ndicho kitakachowarudishia ukungu ndani ya kioo mkishafunga.

La pili, kwa mama wa Tanga na wengine wa Pwani. Bibi harusi wetu havai mawaridi peke yake, ana kikuba chake, yaani kishada cha kunukia cha asumini, rehani na mkadi. Hayo msiyakaushe kwa ajili ya umbo. Asumini hubadilika rangi ikawa kahawia hata kabla ya asubuhi, na si uzuri wake ulipo. Kumbukumbu yake ni harufu. Mabibi zetu huzitia asumini mbichi kwenye mafuta ya nazi au ya ufuta, wakizitoa na kutia mpya kila siku mpaka mafuta yashike, na mkadi hulazwa kati ya nguo ndani ya sanduku. Nina kanga ya marehemu mama ambayo bado ukiifungua inanukia mkadi, na mimi hiyo nimeiona ni hifadhi kuliko kioo.

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wa alaykum salaam, na nakubali kusahihishwa. Kipimo cha kuvunja kikonyo ni bora kuliko chochote nilichokuwa nacho. Mimi nilikuwa nikigusa petali kwa mgongo wa mkono tu, na ni kweli petali hudanganya. Kuhusu mafuta, niongeze tu kwamba asumini zisiwe na tone la umande zinapoingia, kwa sababu maji yakibaki kwenye mafuta huyachachusha.

Mchangiaji (Dodoma)

Hapa kwetu sijawahi kuona tatizo hilo la ukungu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba naanika maua nje juani kwa siku mbili yanakuwa yamekwisha kauka. Kwa nini msitumie jua, ambalo ni la bure?

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Ndugu yangu wa Dodoma, una hewa ambayo sisi tunaitamani, na kwa miezi hiyo huhitaji silika wala mchanga. Ila jaribu kitu kimoja: kati ya maua yako, nusu yaanike juani kama ulivyozoea, nusu yaning'inize kwenye chumba chenye giza na madirisha yanayopitisha upepo, kisha uyalinganishe. Karafuu inavumilia jua kwa sababu tunataka mafuta yake na hatuijali rangi. Waridi tunalitaka kwa rangi.

Mchangiaji (Nairobi)

Mimi hutengeneza vishikio vya funguo na vibao vya mapambo kwa rezini ya epoksi, kile kimiminika kinachokaza kikawa kigumu na angavu kama kioo, yenye maua ndani, kwa hiyo naomba niwaonye wanaofikiria njia hiyo. Wateja huniletea maua mabichi wakitaka yabaki vile vile, wakiamini kwamba rezini itayafungia yasizeeke. Haiwi hivyo. Maji yaliyomo kwenye petali hutoa viputo wakati rezini ikikaza, na ua huendelea kuwa kahawia humo ndani ambako huwezi tena kulifikia. Lazima likaushwe kikamilifu kwanza, kwa silika au kwa kukandamizwa. Pia msimimine kina kirefu kwa mara moja, kwa sababu rezini inapokaza hutoa joto, na kwenye kina kirefu joto hilo hulichoma ua na kuipasua rezini yenyewe. Mimina tabaka jembamba, ngoja, kisha la pili. Vaa glavu kila mara, kwani ngozi ikishaanza kuikataa epoksi hairudi nyuma, na fanyia kazi penye hewa. Mwisho, kila rezini hugeuka njano taratibu ikikaa kwenye mwanga wa jua, hata ile iliyoandikwa kwamba inazuia.

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Ahsante, umenipunguzia maelezo, kwa kuwa rezini siipendi na nisingeitendea haki. Ua la mazishi ya baba nilitaka niweze kuliona bila kitu kati yangu na lenyewe zaidi ya kioo.

Nimalizie ile nusu ya pili. Ua likishakauka, lisikae nje hata usiku mmoja wakati wa mvua. Toka kwenye silika, lipanguse vumbi kwa brashi laini ya rangi, kisha liingie moja kwa moja kwenye kopo lenye mfuniko mgumu pamoja na vipakiti viwili vya silika mpaka siku ya kuliweka kwenye fremu. Siku hiyo ichagueni: iwe na jua, adhuhuri, madirisha yakiwa yamefunguliwa tangu asubuhi, kwa sababu hewa utakayoifungia ndani ya fremu ndiyo ua litakayoishi nayo. Fremu iwe na kina cha sentimita tano au zaidi, ua lisiguse kioo. Nyuma yake acheni nafasi ndogo ya kuficha vipakiti vya silika, na ubao wa nyuma uwe wa skrubu ili kila mwaka, kabla ya masika, mfungue na kuvibadilisha. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, tone dogo kwenye kitako. Msiitundike kwenye ukuta unaoelekea dirisha.

Kuna wadudu pia. Wapo wale wadogo wa kahawia wanaotoboa tambi, viungo na tumbaku, nao hula maua makavu kwa raha zile zile. Kwenye hifadhi za mimea huwaua kwa kugandisha, na hapa ndipo friza ya nyumbani inapokuwa na faida. Ua likiwa limekauka kabisa, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, lilaze kwenye friza wiki moja au mbili, kisha litoe na uuache mfuko bila kuufungua mpaka upate joto la chumba. Ukiufungua ukiwa wa baridi, hewa ya nje itageuka umande juu ya petali na utakuwa umelilowesha kwa mikono yako.

Ile dawa ya kupuliza nywele ambayo watu huipulizia maua makavu, nimeijaribu. Hupunguza kuvunjika kwa petali kiasi fulani, lakini haizuii unyevu, na vumbi hulinata.

Mchangiaji (Tanga)

Mwanangu, nimekuja na mrejesho kama nilivyoahidi moyoni. Harusi ilikwenda salama, mvua ilinyesha mpaka saa nane. Tulilipiga picha shada usiku ule ule na asubuhi tukalifungua. Mawaridi tisa yaliingia kwenye silika kwa awamu tatu, matatu matatu, maana kopo letu lilikuwa dogo. Awamu ya kwanza yametoka mazuri sana, rangi ya pichi imekuwa na wekundu kidogo na binti anasema ndivyo alivyoitaka. Awamu ya pili pia. Awamu ya tatu mawili yamebadilika ncha zikawa kahawia, nadhani kwa sababu yalikaa kwenye maji siku kumi na mbili yakingoja zamu. Nilivunja vikonyo kama alivyosema ndugu wa Pemba, vikakatika kwa mlio isipokuwa kimoja, nikakirudisha siku mbili zaidi. Petali za yungiyungi ziko chini ya ndoo, wiki ya pili sasa, zimekuwa kama karatasi ya mafuta, unaona mishipa yake.

Fundi wa fremu amesema hana yenye kina. Nimuombe atengeneze vipi?

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Hongera sana mama. Hayo mawili yenye ncha kahawia yawekeni nyuma, yataonekana kama kivuli cha mengine.

Mwambie fundi achukue fremu ya kawaida, nyuma yake agongomee vipande vinne vya mbao nyembamba vya upana wa sentimita tano viwe kama boksi, avipige msasa na rangi nyeupe kwa ndani, kisha ubao wa nyuma aufunge kwa skrubu nne, asiutie misumari wala gundi. Rangi ikauke wiki nzima kabla ya maua kuingia, kwa sababu nayo hutoa unyevu na harufu. Mpaka hapo, mawaridi yabaki kwenye kopo, na lebo ya binti iwe ndani yake.